Mwalimu na Kompyuta Iliyotazama Jikoni

Kila nilipovua viatu mlangoni pa Mwalimu niliona aibu ya soksi zangu. Si kwamba sina mke wa kunishonea. Mama Njoroge ananishonea, lakini kidole kikubwa cha mguu wangu wa kulia kina tabia ya kutafuta njia ya kutokea, hata kwenye soksi mpya. Mwalimu hakuwahi kusema neno. Aliangalia mara moja, halafu akageuza macho upande wa dirisha, kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akakuta kuna mwenyewe ndani. Afadhali angenichapa.

Nimekaa jirani naye hapa Landless, Thika, tangu wakati ploti nyingi zilikuwa mahindi matupu, na kati yake na mimi kulikuwa na ua wa kayaba, miiba mitupu, ambao hata mbuzi waliuogopa. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui vizuri. Yule hakuwa mtu wa kuulizwa. Yeye ndiye alikuwa anauliza. Kila mtu alimwita Mwalimu: mumewe alipokuwa hai, mchungaji naye, hata wale walevi wa kona ya chini, ambao wakimwona anakuja walificha chupa nyuma ya migongo yao, na ni wazee wazima, wana wajukuu. Aliwafundisha kusoma wote. Mimi hakunifundisha. Mimi shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga ng'ombe za watu, baadaye nikabeba magunia kiwandani hapa mjini mpaka mgongo ukakataa. Kwa hivyo ukiona maneno yangu yamekaa kombo, sababu ni hiyo, na kama angekuwa karibu angeshayapanga.

Maana alikuwa na kalamu nyekundu mkobani. Alistaafu, kalamu haikustaafu. Kibao cha muuza nyama alikisahihisha. Tangazo la kanisa alilisahihisha likiwa ukutani, na mzee wa kanisa amesimama hapo hapo gundi ikiwa bado vidoleni. Kuna mazishi fulani, mchungaji anaomba, watu wote wamefumba macho, na Mwalimu ameinamia ile karatasi ya ratiba yenye picha ya marehemu, anazungushia neno duara. Najua kwa sababu mimi pia sikuwa nimefumba.

Na mimi huongea. Hilo silifichi. Kwa kinyozi wetu kuna benchi nje, na watu wanasema mimi ndiye redio ya pale. Siku moja nilikuwa nawaambia wanaume jinsi chui alivyoingia ghala la kiwanda nikiwa zamu, na jinsi nilivyomkazia macho mpaka akatoka mwenyewe kwa adabu. Mwalimu akapita na kikapu chake cha sokoni. Hakusimama. Alisema tu huku anatembea, "Baba Njoroge, mwezi uliopita huyo chui alikuwa paka." Walicheka mpaka kinyozi akamgusa mtu sikio na wembe.

Uongo alikuwa hawezi kuuvumilia, hata ule wa kuchekesha watu. Mtoto akivunja dirisha akasema ni yeye, alipewa ufagio kidogo na yakaisha. Akisema ni upepo, alifagia uwanja wote, na upepo ukisukuma majani tena, alirudia. "Tuanze tena," alikuwa akisema, "na safari hii tusikimbie." Hayo ndiyo maneno yake. Aliyasema kwa watoto, kwa mafundi wa bomba, kwa kwaya, kwa Mama Njoroge akimfundisha kusoma ujumbe wa simu. Na ukichelewa kuelewa, alikunja mikono na kusema, "Sijakasirika. Nasubiri." Hapo ndipo unaanza kutoka jasho.

Lakini huyu huyu, Mama Njoroge alipolazwa, kila asubuhi nilikuta thamosi ya uji juu ya nguzo ya geti langu. Hakubisha. Nilipokwenda kumshukuru alinijia juu kama nimemtukana: "Nani amekwambia ni mimi?" Mtu asiyependa uongo! Nikamwambia, Mwalimu, thamosi ina jina lako chini. Akafunga mlango.

Na alikuwa anaogopa radi. Mwanamke aliyefundisha sayansi, aliyechora wingu ubaoni na mishale ya kupanda na kushuka. Mvua ikianza kunguruma upande wa mlima Ol Donyo Sabuk, alichomoa kila kitu ukutani, redio, friji, taa ya kusomea, akafunika kioo kwa leso, akaketi koridoni kwenye kistuli. Nilimcheka siku moja. Akasema, "Wewe huogopi kwa sababu hujui inavyofanya kazi." Alikuwa na namna ya kukurudisha darasa la tatu bila kuinua sauti.

Sasa niseme ya kompyuta, maana ndiyo inayonichoma.

Mwalimu alianguka bafuni. Hakuvunjika, aliumia kiuno, lakini alikaa pale chini muda mrefu akiona haya kuita. Mwanaye Wanjiru anakaa Kahawa Sukari, huko Ruiru, na si mbali, lakini kazi yake iko Nairobi na anarudi nyumbani jua limekwisha. Alikuja Jumamosi iliyofuata akiwa ameshaamua. Tulikuwa sebuleni, mimi na Mama Njoroge tumekuja kumwona mgonjwa.

"Mami, utakuja kukaa kwangu."

"Kwako nitafanya nini? Nitahesabu vigae?"

"Na simu ukipigiwa hushiki. Ukishika unasema uko sawa. Hata ungekuwa umelala sakafuni ungesema uko sawa."

"Kwa sababu nikiwa sakafuni bado niko sawa. Niko chini tu."

Mama Njoroge akacheka, Wanjiru hakucheka. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na mwisho wakafika hapa: Wanjiru angeleta kompyuta mpya, ile kubwa ya mezani yenye jicho la kamera juu, maana kioo cha simu kilikuwa kidogo kwa macho ya Mwalimu. Kila jioni saa moja wangeonana. Akimwona mama yake kwa macho yake, ameketi, anaongea, mama atakaa Thika kwake mpaka achoke mwenyewe.

"Lakini ikianza kukatika-katika, Mami, nakuja na pikapu. Sitauliza mtu."

"Haitakatika," Mwalimu akasema. Halafu akanigeukia. "Baba Njoroge atanisaidia."

Mimi! Mtu ambaye simu yangu ina tochi na redio basi. Niliona aibu kukataa na nikaona aibu kukubali, nikakubali kwa sauti kubwa.

Tukaiweka pale ambapo mtu yeyote wa huku kwetu angeiweka, ndani ya kabati la sebuleni, lile refu la vioo na vyombo vya wageni, katikati, mahali pa heshima. Mama Njoroge alikuwa ameshamaliza kuishonea kitambaa, cheupe chenye pindo la maruni, kama vile vya makochi na cha TV. Alikishona kwa vipimo, kikalifaa lile sanduku lake vizuri kabisa, mbele wazi, pande zote zimefunikwa vumbi lisiingie. Ilipendeza. Wageni waliisifu kabla ya kuuliza inafanya nini.

Mwalimu aliiendea kama mwanafunzi mgeni aliyehamia katikati ya muhula. "Huyu si mjinga," aliniambia siku ya pili, "ila hajazoea sauti yangu." Siku moja ikaandika kwenye kioo kwamba inajirekebisha yenyewe na mtu asiizime. Yeye akatii. Akavuta kiti akakaa mbele yake akiilinda. Mama Njoroge alipoingia na kutaka kuwasha taa, alizuiwa mlangoni: "Usiguse swichi yoyote! Imesema isiguswe." Walikaa gizani wote wawili mpaka ikamaliza. Kesho yake akanituma nikamwulize fundi mjini kwa nini inajirekebisha saa za watu, na kama haiwezi kuambiwa ifanye hivyo asubuhi watu wakiwa shambani. Ikaambiwa.

Lakini ilikatika. Kwanza ni stima. Nyuma yetu kuna jamaa wa kuchomelea mageti, na kila akigusisha chuma taa zetu zinasinzia. Kompyuta ilisinzia nazo ikaanza upya. Halafu mvua za Aprili zikaja, na Mwalimu akasikia ngurumo akiwa anaongea na Wanjiru, akachomoa waya bila hata kwaheri. Wanjiru alimwona mama yake amefumbua mdomo, macho yametoka, halafu giza. Alifika Landless kabla mvua haijaisha, gari limejaa matope mpaka madirishani. Alimkuta mama yake koridoni kwenye kistuli, anakula ndizi.

"Nilidhani umekufa!"

"Na ungefika ukiwa umelowa hivyo? Vua viatu."

Wanjiru alilia, kidogo, uso umegeukia ukuta. Kisha akasema polepole kwamba ikitokea tena, itakuwa ni pikapu. Nikamwona Mwalimu anashika ukingo wa meza. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akishika kitu ili asimame.

Basi tukaenda mjini, mimi na yeye, kwa Kalasinga mmoja mzee mwenye duka la vifaa vya stima, mtu mpole, mwenye kilemba na ndevu nyeupe. Akatuonyesha ile betri nzito kama jiwe la kusagia, inayokaa kati ya ukuta na kompyuta ili stima ikiruka, yenyewe inashikilia. Akaisifu. Mwalimu akasikiliza yote.

"Ichomeke hapo kwenye kompyuta yako."

Mzee akachomeka.

"Sasa zima duka."

"Mama?"

"Swichi kubwa. Zima duka lote nione."

"Mama, kuna wateja."

"Sijakasirika," Mwalimu akasema. "Nasubiri."

Kalasinga akanitazama. Nikainua mabega, kama kusema, mzee mwenzangu, mimi ndiye jirani yake, wewe umekutana naye leo tu. Akaenda nyuma akazima. Duka likawa giza, watu wakalalamika, na pale kaunta kile kioo kikabaki kinawaka peke yake. Mwalimu akakitazama kwa muda. "Vizuri sana," akamwambia, kwa ile sauti ya kumpa mtoto alama zote, na yule mzee akatabasamu kama mtoto.

Stima ikatulia hivyo. Hata radi ikatulia, kwa sababu fundi alimwambia kwamba sasa anaweza kuchomoa ukutani na bado amalizie kuaga. Lakini bado ilikuwa inazimika. Inaongea vizuri, halafu picha inaganda, inafoka kama inapanda mlima, inakufa. Tukamleta fundi mwenyewe nyumbani, mwanamume wa makamo mwenye kitambi, mcheshi. Akafungua kabati, akaona kile kitambaa, akashika kiuno.

"Ngai! Nani ameivalisha sweta?"

Mama Njoroge alikuwa amesimama hapo.

"Wazee wangu, hii inapumua. Matundu ni haya. Mmeifunika, mmeifungia kabatini na vikombe, halafu mnashangaa inazirai? Hata mimi ningezirai!" Akamgeukia Mama Njoroge, akaona uso wake, akashuka. "Lakini kazi ya mkono ni safi, mama. Safi kabisa."

Mke wangu alikikunja kile kitambaa akakiweka chini ya kwapa, na njia yote ya nyumbani, ambayo ni hatua chache tu, hakuniongelesha, kama ni mimi nilikishona.

Fundi alisema itoke kabatini ikae mezani, mahali penye hewa, karibu na soketi, mbali na dirisha la vumbi. Tukaizungusha sebule nzima. Mwalimu alitaka karibu na makochi. Mimi, na hapa ndipo naomba unisikie, mimi ndiye niliyesema hapana. Mimi ndiye niliyesimama katikati ya chumba na soksi zangu zilizotoboka, nikanyoosha mkono kama mkandarasi: hapa, upande huu, mwanga wa taa ya sebuleni utapiga usoni, picha itakuwa safi. Na kweli ilikuwa hivyo. Ile meza ilikaa pembeni, Mwalimu akaketi mbele yake, na nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa wazi kabisa, maana jikoni kwake hakuna mlango wa kufunga, ni pazia la shanga.

Akanifundisha utunzaji wake mpaka nikaujua. Jioni kabla ya saa moja aliniuliza, madirisha wazi, majirani wanasikia:

"Kwanza?"

"Betri, kama taa yake ni ya kijani."

"Pili?"

"Matundu. Yasiwe na kitu."

"Tatu?"

"Intaneti. Kale kasanduku, kama kanapepesa."

"Usikimbie."

"Kama kanapepesa, Mwalimu."

Watu wa kwa kinyozi wakaanza kuniita Darasa la Nne, eti hatimaye nimepanda. Niliona aibu, na nikaenda kila jioni.

Ikashika. Haikukatika tena. Mvua ilinyesha, jamaa wa mageti akachomelea, na ile kompyuta ikasimama tu. Jioni ya kwanza Wanjiru alipiga makofi: "Mami! Naona mpaka nyufa za ukuta!" Mimi niliinamisha kichwa mbele ya lile jicho nikasema ni kazi yangu hiyo. Kesho yake nilisimulia benchi nzima ya kinyozi, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kuongeza chumvi.

Nilijivuna hivyo kwa muda. Na ndani ya muda huo huo nilikuwa naona mambo ambayo sikutaka kuyaona. Mwalimu alianza kunieleza kitu, akamaliza, akanieleza tena kwa maneno yale yale. Chai yake ilikuja na sukari mara mbili au haikuja kabisa. Asubuhi moja niliingia nikasikia harufu ya gesi, nikazima, sikumwambia. Siku nyingine aliniletea gazeti la kanisa na duara nyekundu, akataka nilione lile kosa. Nilimwita Mama Njoroge pembeni anisomee, maana sikujiamini. Neno lilikuwa sawa. Tulitazamana na mke wangu, na tangu siku hiyo alianza kupika chakula cha watu watatu na kusema ati kimebaki.

Hatukumwambia Wanjiru. Simu zingekuwa zile za zamani, za sauti tu, au picha ingekuwa ile ya vipande-vipande ya mwanzoni, asingejua kwa muda mrefu. Lakini picha ilikuwa safi. Kwanza akauliza kwa nini sweta imefungwa vifungo vya kupishana. Mwalimu akasema ndiyo mtindo. Halafu akauliza mbona ile sukuma wiki iliyo nyuma yako, Mami, ni ile ile ya juzi, bado imefungwa kamba. "Hiyo ni nyingine," Mwalimu akasema bila kupepesa. "Ile tumekula. Na ugali." Yule aliyefagiza watoto uwanja mzima! Alidanganya vizuri kuliko mimi, kwa utulivu, kwa maelezo, na mimi nimekaa pembeni nje ya jicho, natazama sakafu.

Jioni iliyomaliza mambo haikuwa na radi wala mvua. Nilikagua betri, matundu, kasanduku. Wanjiru akatokea, safi kama yuko dirishani. Mwalimu akawa anamwambia kuhusu kwaya, anacheka, amependeza kwa kweli. Nikaona uso wa Wanjiru unabadilika.

"Mami. Mami, nyuma yako. Moshi!"

Mwalimu hakugeuka. "Ni mvuke, nachemsha chai."

Nikakimbia. Ilikuwa sufuria ya githeri, imekauka, imeshika, na kitambaa cha kushikia vyungu kimelala karibu na moto, pembeni kimeanza kuwa cheusi. Nilizima gesi, nikatupa kitambaa kwenye sinki, nikafungua dirisha. Nilipogeuka niligundua kwamba yote hayo Wanjiru ameyaona, na ananiona mimi nimesimama katikati ya jiko la mama yake na soksi, nakohoa.

"Baba Njoroge. Simama hapo hapo. Hii ni mara ya kwanza?"

Nikaendelea kukohoa.

"Nakuuliza wewe kwa sababu uko naye kila siku. Ni mara ya kwanza?"

Mwalimu alikuwa amenigeukia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu. Hakuwa ananisahihisha. Alikuwa ananiomba. Ningesema ndiyo. Neno moja, na mimi niliyegeuza paka akawa chui. Ningesema, mwanangu, ni mimi nimeweka hiyo sufuria nikasahau, mimi mzee mjinga. Ingekaa vizuri kabisa, kila mtu angeamini. Lakini niliona kile kitambaa kwenye sinki bado kinatoa moshi, na mdomo wangu, huu ambao haujawahi kukosa kitu cha kusema, haukufunguka. Nilitazama chini.

Wanjiru akasema, taratibu, "Sawa. Asante." Halafu akaongeza, na hakuwa na ubaya hata kidogo, mtoto yule ana adabu: "Mungu akubariki kwa kuitengeneza hii kitu vizuri. Bila wewe tusingejua."

Bila wewe tusingejua. Nimelala na hayo maneno tangu siku ile.

Pikapu ilikuja Jumamosi. Mwalimu alipanda mbele, amevaa kofia ya kanisani, mkoba mapajani. Aliaga majirani kila mmoja kwa jina, na majina yote aliyapata. Mimi aliniambia, "Uangalie ua." Basi.

Nilikawia kwenda kumwona. Kila wiki nilikuwa na mgongo, au mazishi, au Mama Njoroge ana kikundi. Ukweli ni kwamba sikujua uso wangu nitauweka wapi. Mwishowe mke wangu alinifungia nduma na maparachichi kwenye mfuko, akanisukuma nje ya geti. Ilikuwa kiangazi kikavu, Thika haikuwa imeona tone tangu sijui lini, nikafika Kahawa Sukari nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Wanjiru alinipokea getini. Kabla hatujaingia akanishika mkono. "Baba Njoroge, akiuliza nyumba, usimwambie kuna wapangaji. Anasumbuka." Nikasema sawa.

Nyumba ni nzuri. Vigae, mapazia mazito, na kwenye kona ya dari kuna jicho dogo, ili Wanjiru amwone mama yake akiwa kazini. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mikono, sweta imefungwa sawasawa, amenenepa kidogo. Kiti alikuwa amekigeuza, kimelipa lile jicho mgongo. Alinitambua mara moja.

"Baba Njoroge. Umekonda, au ni mimi nilikuwa nakukumbuka vibaya?"

"Ni vumbi, Mwalimu."

"Vumbi halikondeshi mtu."

Wanjiru akaenda kutengeneza chai. Tukakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya kuomba msamaha, lakini unaomba msamaha wa nini? Wa kunyamaza? Wa kutodanganya? Mwalimu wa watu hawezi kuombwa msamaha kwa sababu mtu hakudanganya. Basi nikatazama mikono yangu.

"Nani anafagia kwangu?" akauliza.

"Mama Njoroge," nikasema. Lilitoka lenyewe, laini. "Kila Jumamosi. Na madirisha anafungua hewa iingie."

Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama aliamini. Akavuta kiti chake karibu na changu, akatazama mlango wa jikoni ambako vikombe vilikuwa vinagongana.

"Nikirudi," akasema kwa sauti ya chini, "utaniwekea ile kompyuta?"

"Nitakuwekea, Mwalimu."

"Betri?"

"Betri."

"Na matundu."

"Na matundu, Mwalimu. Kila kitu."

Akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi na mwepesi.

"Lakini safari hii," akasema, "usiitengeneze vizuri sana."

Wanjiru akaingia na trei. "Mnanong'ona nini nyinyi wazee?"

"Mvua," Mwalimu akasema.

Na mimi, haraka, kabla hata sijaulizwa, nikasema ndiyo, mvua, huko Thika mwaka huu imenyesha, imenyesha mpaka watu wamechoka.